Mifupa ya mama mkubwa iliuma, kumbe ni figo

Miaka miwili mama mkubwa alilia na mifupa. Kwetu Kongwa maumivu hayo yana dawa zake: unachuliwa kwa mafuta ya nyonyo, unachemshiwa supu ya kongoro. Mimi niliyeko Dodoma mjini nikawa natuma vidonge vya kalsiamu, najiona mtoto mwema. (Supu ile ni tamu, ila kalsiamu yake ni kidogo, mfupa hauiachii hivi hivi sufuriani.) Mpaka daktari mmoja alipoagiza kipimo cha kreatinini, taka ya damuni ambayo figo huitoa, ndipo tukajua figo zilishachoka zamani.

Figo na mifupa wapi na wapi? Daktari akaniuliza kama kwetu tuna kihenge. Mfupa, akasema, ndio kihenge cha mwili. Asilimia 99 ya kalsiamu imo humo, fosfeti kama asilimia 85, na akiba kubwa ya magnesiamu na sodiamu. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, moyo na misuli hutaabika, basi tezi nne ndogo za shingoni huamuru kihenge kifunguliwe. Asidi nayo ina hesabu yake. Chakula, hasa nyama, huacha asidi mwilini, na figo huitoa kwa mkojo. Zikishindwa, mfupa hutoa kaboneti yake kuipooza, na kalsiamu hutoka nayo. Ukipima damu unaweza kuona mambo si mabaya sana, kumbe kihenge kinaliwa. Tena figo zilizochoka haziiamshi vizuri vitamini D tunayoipata juani, ndiyo maana jua lote hili la Dodoma halikumfaa kitu.

Shangazi aliposikia "asidi" akasema basi tuzidishe magadi kwenye mlenda. Hakukosea sana: vidonge alivyoandikiwa mama mkubwa ni bikaboneti ya sodiamu, ndugu wa magadi. Lakini dozi yake hupangwa kwa kupima damu, na sodiamu ikizidi, mgonjwa wa figo hupanda presha na kuvimba miguu. Magadi ya sokoni nani anajua dozi yake? Msijaribu.

Ukiwa na mzee mwenye presha au sukari, na mifupa haiachi kumuuma, omba apimwe kreatinini na mkojo kabla hujakimbilia duka la dawa. Kalsiamu niliyokuwa natuma daktari aliisimamisha siku ileile. Chupa mbili bado ziko kabatini kwangu.