Maswali yenu: Ning'oe ukoka nipande kamomili?

Nilipogusia kwamba Waingereza wengine hutandaza kamomili, mmea mfupi wenye majani ya kunukia, uani badala ya nyasi, maswali yalifululiza. Haya ndiyo niliyoyachagua.

Bibi shamba, nina kamomili ya chai. Nikimwaga mbegu zake uani, zitatandaa? (Nairobi)

Hata zikiota, siyo yenyewe. Kamomili ya chai kwa kawaida ni ile ya Kijerumani, Matricaria chamomilla: husimama wima, hutoa maua, na mwaka haumalizi. Ya kutandaza ni ya Kirumi, Chamaemelum nobile, ambayo hutambaa na kuishi miaka. Wengi hutafuta aina yake iitwayo 'Treneague', iliyotokea Cornwall, Uingereza. Hii ni fupi, kama sentimita 10, na haichanui. Pasipo ua hapana mbegu, kwa hiyo mtu akikuuzia mtandaoni "mbegu za Treneague", mwachie mwenyewe.

Nina kiwanja kidogo nyuma ya nyumba, udongo mfinyanzi mtupu. Nianzie wapi? (Leicester, Uingereza)

Anzia kwenye maji. Huko kwenu kamomili inaogopa udongo uliolowa kuliko inavyoogopa baridi. Chagua penye jua, tifua, changanya mchanga mnene au kokoto ndogo, na ung'oe magugu na mizizi yake yote. Ukilipua kazi hapo, utainama kung'olea mwaka mzima.

Panda majira ya kuchipua, sentimita 10 hadi 15 kati ya mche na mche. Sasa piga hesabu: kwa nafasi ya 15, mita moja ya mraba inakula miche 45 hivi, kwa nafasi ya 10, miche 100. Bei ya mche mmoja unaijua. Ndiyo maana nasema nunua michache, uikuze kwenye vyungu, kisha uigawe. Ukiutoa mche uliokomaa utaona vijitawi vimelala pembeni, na chini yake nyuzi nyembamba za mizizi. Kijitawi chenye nyuzi hizo ni mche tayari. Mwagilia mpaka ishike, na kwa miezi mitatu ya mwanzo asiikanyage mtu.

Mimi ningeanza na eneo la mkeka mmoja. Kwenye bustani ya Sissinghurst, Kent, kuna kiti cha mawe kilichopandwa kamomili pale pa kukalia. Ukikaa, majani yanapondeka kidogo na harufu kama ya tufaha inakupanda puani. Kiti tu, na watu wanakifuata!

Watoto watachezea mpira hapo? (Birmingham)

Thubutu. Inavumilia kupitwa mara moja moja, siyo kukanyagwa na viatu vya kuchezea mpira. Waachie nyasi zao.

Naweza kupiga dawa ya magugu? (Leicester tena)

Ile ya bustani za nyasi, hapana. Imetengenezwa kuua mimea ya majani mapana na kuziacha nyasi, na kwake kamomili ni gugu kama magugu mengine. Tumia mikono na kisu kidogo. Pakibaki kipara, ziba kwa miche ya akiba. Vyungu viwili vitatu visikose pembeni.

Na sisi wa Limuru? Na Mombasa?

Limuru baridi ipo, jaribuni. Adui wenu ni nyasi ya Kikuyu, ambayo hapo ni kwao: inapita chini kwa chini na kuibuka katikati ya kamomili. Wekeni kizuizi kilichozama ardhini, au pandeni kwenye beseni kubwa. Mombasa, msitupe pesa. Joto na unyevu wa pwani haviifai, na ukoka wenu hauna kosa.

Nina mbwa, na mume wangu hupiga chafya akikaribia maua. (London)

Mbwa akiila kwa wingi anaweza kutapika na kuharisha. Kuhusu mzee, kamomili ni jamii moja na alizeti na deizi. Kama hizo zinamsumbua, nayo inaweza kumsumbua. Nunua chungu kimoja kwanza, kiweke mlangoni, umtazame.