Lori limenivunja mguu, tajiri anataka nisaini yaishe

SWALI: Shikamoo dada wakili. Mi dereva boda wa Chalinze, semi ilinigonga nikiwa pembeni kabisa, mguu una vyuma, sasa tajiri wa lori kanifata wodini na laki tatu na karatasi eti nisaini yaishe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Usisaini! Ukisaini hapo ndo umeuza haki yako, na vyuma bado havijatolewa. Tunza kopi ya PF3 (ile fomu ya polisi ya matibabu), risiti zote hata za bajaji ya kwenda kliniki, afu nenda trafiki uombe ripoti ya ajali, mchoro na jina la kampuni ya bima ya lile lori, maana Tanzania kila gari la barabarani lazima liwe na bima ya mtu wa tatu na hiyo ndo ya watu kama wewe. Dereva akipigwa faini hela haiji kwako, hiyo kesi ni ya Jamhuri, wewe unafungua madai yako dhidi ya dereva pamoja na tajiri wake, kwa sababu dereva alikuwa kwenye kazi ya tajiri. Una miaka 3 ya kufungua madai toka siku ya ajali, ila barua ya kwenda kampuni ya bima andika wiki hii. Hela ya wakili huna? LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) wanasaidia bure.