Mama, hela ya parachichi niliipataje

Shikamoo Mama Upendo, na shikamooni wazee wote wa kamati ya kitalu.

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Unauliza kwa nini mwaka jana mliomba hela ya miche ya mringaringa, ule mti wetu wa msituni, mimi nikatuma ya parachichi tu. Halafu unamalizia na lile lililoniudhi: eti yule jamaa aliyerudi Desemba kawaambia huku Marekani ni nchi ya walokole, wana hela na wana Mungu, ukiomba tu unapewa. Mama, yule alikaa wiki tatu, analala hotelini, anaalikwa chakula cha jioni. Mimi nina miaka tisa Oklahoma na funguo za vyoo vya kanisa ziko kwangu.

Ndiyo, mimi ndiye msafishaji. Nilikuwa nawaambia "nahudumu kanisani", nanyi mkadhani nafundisha. Jumapili kuna ibada tatu, kahawa na maandazi ya sukari, vyote kwenye vikombe na sahani nyeupe za kutupa. Ibada ya mwisho ikiisha naburuta magunia hadi kwenye pipa la nyuma. Jumapili ya Pasaka niliyahesabu: 22. Mwaka 2019 nilipokuja likizo tulitangaziwa kwenye ndege kwamba Tanzania mfuko wa plastiki haushuki nao. Nikajiona mjanja kwa nchi yangu. Niliporudi nikashika tena magunia.

Sasa hiyo hela. Niliomba kwanza kama mlivyoniandikia. Ilikuwa Jumatano, kikundi cha Biblia nyumbani kwa mzee mmoja wa kanisa, huyohuyo aliyenitafutia kazi. Nikaonyesha picha ya kitalu, nikaeleza mfereji wetu unavyokauka mwezi wa kwanza, nikataja mabadiliko ya tabianchi. Mama, sebule iliganda. Walinitazama kama mtoto aliyetukana bila kujua maana ya tusi. Mzee akaniuliza kwa upole kabisa, "Hayo nani kakufundisha?" Akafungua Mwanzo 8:22, majira hayatakoma muda nchi idumupo. Biblia yetu inasema pale "kaskazi na kusi", na nilitamani kumwambia. Nikanyamaza. Nilikuwa na zamu saa kumi na moja alfajiri.

Mimi nimekulia dayosisi ambayo askofu wake, Fredrick Shoo, tulimwita Askofu wa Miti, na hakuna aliyemuuliza ni wa chama gani. Huku ukitaja tabianchi wanasikia chama. Wanasikia utoaji mimba, wanasikia serikali inakuja kuwanyang'anya magari yao. Na si kwamba hawajawahi kujaribu. Mwaka 2006 viongozi 86 wa kiinjili, yaani hao walokole wa huku, mchungaji maarufu Rick Warren akiwemo, walitia saini tamko kwamba jambo hili ni la kweli na linamhusu Mkristo. Wenzao wakawaruka. Richard Cizik, aliyelipigania sana ndani ya jumuiya yao ya kitaifa, alijiuzulu 2008 baada ya kusema redioni kwamba anaelekea kukubali wenzi wa jinsia moja watambuliwe kisheria. Hadi leo, wa huku kwetu nikimtajia tamko lile ananijibu kwa habari za Cizik. Aliyekuwa seneta wa jimbo hili, Jim Inhofe, Februari 2015 aliingia bungeni Washington na donge la theluji akalirusha, kuonyesha dunia haijapata joto. Na wakati huo ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazingira ya Seneti!

Lakini msije mkawachukia. Kimbunga kilipong'oa paa letu, walifika na misumeno kabla hakujapambazuka, wakiongozwa na mzee yuleyule. Anajua kila ndege kwa sauti yake. Akiona chupa barabarani anasimamisha gari kuiokota. Shambani kwake kuna mitambo mitatu ya upepo, analipwa kodi kila mwaka. Zaidi ya theluthi ya umeme wa jimbo hili ni upepo. Anayaita baraka. Ukimwambia hayo ni mazingira, anabadilisha mazungumzo.

Basi baada ya mwezi nilirudi na karatasi nyingine. Nilifuta tabianchi, nikafuta msitu, nikafuta hata mringaringa. Nikaandika: watoto, chakula, parachichi. Dola 1,400 zilichangwa kabla kahawa haijapoa, na mama mmoja akalia. Nilirudi nyumbani nikakaa ndani ya gari muda mrefu, siwezi kushuka.

Kwa hiyo nisikilize. Msidanganye mtu, Mama, hela ya uongo ina harufu. Ila kwenye maombi yenu msiandike "mazingira". Andikeni "uumbaji", wekeni Mwanzo 2:15, ailime na kuitunza, hilo wanalipokea. Au msiniandikie kabisa, ombeni hapohapo, shilingi elfu tanotano za usharika hazina masharti. Hapana, niandikieni. Nikikosa kuandikiwa naumwa.

Joshua anayetaka kunifuata huku, asije. Ana shamba, ana mke, huku atapiga deki kama mimi. Akishakata shauri, basi aje na leseni ya udereva na asitie neno kwenye siasa zao mwaka wa kwanza. Mimi sipigi kura, karatasi zangu bado, lakini kila mtu anadhani anajua ningempigia nani.

Jambo la mwisho ni la haraka. Wanataka picha za watoto na parachichi kabla ya Pasaka. Zile hela zilizobaki nunueni miringaringa, mnipandie katikati ya mistari ya parachichi. Bado ni midogo, kwenye picha haitaonekana.