Mutoto wa miaka 12 aliyeacha masomo
Pole mama. Unauliza kama mutoto wa miaka 12 aliyeachia masomo mwaka wa tatu wa primeri iko na njia ingine. Iko! Tafuta santre ya ratrapaje, ni masomo ya batoto balioacha shule, pale miaka 6 ya primeri inasomwa kwa miaka 3 na mwisho anafanya ekzame ya taifa ya kumaliza primeri (ENAFEP, zamani TENAFEP) kama batoto bengine. Usimurudishe kukaa na ba miaka 8, atasikia haya atakimbia tena. Mudogo wangu alisoma vile hapa Goma, mangaribi anaenda kwa fundi mbao, na njo kule alielewa fraksio (hesabu ya sehemu), anapima ubao, anakata nusu, robo, anaandika na kalamu ya fundi juu ya mbao yenyewe. Uliza shefu wa avenyu (mukubwa wa mtaa) santre ya karibu iko wapi.