Mistari Myeusi Juu na Chini: Fundi Asiivute Picha

SWALI: Nina TV ya kichogo. Filamu nyingi ninazoweka kwenye deki ya DVD zinaacha mistari mipana myeusi juu na chini, ila taarifa ya habari inajaa kioo kizima. Fundi anasema TV imechoka, anataka aifungue aivute picha ijae. Nimwachie?

JIBU: Usimwachie. TV yako ni nzima. Kioo kilichochoka hakichagui kipindi, na umesema mwenyewe taarifa ya habari inajaa.

Kinachonikera kuliko yote ni ile imani kwamba mstari mweusi umekula kipande cha filamu. Ni kinyume chake: ukiiona mistari hiyo, ndipo unaona picha yote. TV yako ina umbo la 4:3, yaani upana 4 kwa kimo 3. Filamu za sinema nyingi zina upana wa 1.85 au 2.39 kwa kimo cha 1, na watengenezaji wake walifanya makusudi. CinemaScope, mfumo wa filamu pana, ilipoingia mwaka 1953, Hollywood ilikuwa inatafuta kitu ambacho televisheni ya sebuleni haiwezi kukionyesha.

Chukua kioo cha sentimita 40 kwa 30. Filamu ya 2.39 ikishaenea upana wote, kimo chake hakifiki hata 17. Sentimita 13 zilizobaki diski haina picha ya kuweka. Ukilazimisha kimo kifike 30 bila kuharibu maumbo, upana utataka karibu sentimita 72, na kioo ni 40 tu. Sentimita 32 zinatupwa nje. Watu wawili wakizungumza, mmoja kila upande, wewe utabaki kutazama ukuta uliopo katikati yao na labda ncha za pua.

Mafundi wa njia za mkato wana mbinu mbili. Ya kwanza haihitaji hata bisibisi: anaingia kwenye menyu ya deki na kubadilisha umbo la TV kutoka 4:3 kwenda 16:9, umbo la TV pana. DVD nyingi za filamu pana huhifadhi picha ikiwa imebanwa kwa upana, na kazi ya deki ni kuirekebisha kulingana na TV iliyopo. Deki ikidanganywa kwamba TV ni pana, hairekebishi kitu. Mistari inapungua, mteja anafurahi, analipa, na waigizaji wote wanakuwa na nyuso ndefu kama waliotoka kuugua. Simamisha filamu penye gurudumu au saa ya ukutani. Duara likiwa limerefuka, umeibiwa.

Ya pili ndiyo anayotaka kukufanyia wewe: afungue TV na kuongeza kimo cha picha kwa ndani. Hapo hata taarifa ya habari itaharibika, maana kichwa cha mtangazaji kitakatwa na maandishi ya chini yatapotea. Nawe usijaribu mwenyewe. Kioo cha kichogo cha rangi hutumia zaidi ya volti 20,000, na chaji hubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Cha kufanya ni kidogo: kwenye menyu ya deki chagua 4:3 LB (letterbox, yaani picha yote pamoja na mistari yake), basi. Jirani yake, 4:3 PS (pan and scan), hukata pembeni, na diski nyingi wala haziitii.

Mistari ikizunguka pande zote nne, hilo ni jambo jingine. Picha ya 4:3 imewekwa ndani ya fremu pana, kisha fremu hiyo ikapunguzwa tena ili iingie kwenye TV yako. Hapo ikuze picha kwa rimoti bila wasiwasi, kwa sababu unachokata ni weusi mtupu.

Na anayekwambia ununue TV bapa ili uachane na mistari, naye anakuuzia maneno. Umbo lake la 16:9 ni upana wa 1.78 kwa kimo cha 1, kwa hiyo filamu ya 2.39 bado itaacha takriban robo ya kioo ikiwa nyeusi. Ukiona dukani imejaa, mara nyingi wameikuza au wameivuta. Kabla ya kutoa hela, omba wakuwekee filamu pana badala ya video yao ya matangazo, kisha shika rimoti uangalie mwenyewe TV imewekwa kwenye umbo gani.