Logilaini: Sentensi Inayoipima Hadithi Yako

Mara ya kwanza nilipoketi mbele ya mtayarishaji wa filamu hapa Nairobi, nilikuwa nimebeba muswada wa kurasa 96, lakini yeye aliniomba sentensi moja tu. Nilimjibu kwamba ni hadithi ya mama jasiri anayepitia changamoto nyingi za maisha na hatimaye kutambua thamani ya familia. Akaniuliza mama huyo anataka nini na ni nani anayemzuia. Sikuwa na jibu.

Sentensi aliyoitaka huitwa logilaini, nayo kwa kawaida huwa na maneno 25 hadi 30 yanayoonyesha mhusika mkuu, tukio linalomtoa katika maisha aliyoyazoea, analolitafuta na kizuizi kilichoko mbele yake. Isichanganywe na sinopsis, ambayo husimulia kisa chote hadi mwisho, wala na kaulimbiu ya kwenye bango, ambayo kazi yake ni kumvutia mtazamaji.

Naamini kosa langu lilianzia darasani. Wengi wetu tuliosoma fasihi katika shule za upili tulizoeshwa kutafuta maudhui na dhamira, kwa hiyo tukiulizwa hadithi inahusu nini, tunataja ufisadi, umaskini au nafasi ya mwanamke katika jamii. Hayo ni majibu ya mtihani. Mtayarishaji, hata yule wa Riverwood, tasnia ya filamu iliyoanzia River Road hapa Nairobi, mwenye bajeti ndogo na siku chache za kupiga picha, anataka kumwona mtu fulani akiwa katika hali ambayo hawezi kuikimbia.

Nilirudi nyumbani nikaandika upya kwa karibu wiki mbili, hadi nikafikia hii: "Baada ya moto kuteketeza vibanda vya Gikomba, mshonaji mjane aliyezoea kunyamaza anagundua kuwa mwanawe ndiye aliyelipwa kuuwasha, na lazima aamue kumkabidhi kwa polisi au kumficha kabla wachuuzi wenzake hawajamtambua." Maneno 29. Jina la mama halimo, kwa sababu jina halimwambii msomaji lolote, ilhali "mshonaji mjane aliyezoea kunyamaza" linambainisha mtu na udhaifu wake kwa pamoja. Mwisho pia nimeuacha, maana anayeisoma anapaswa kuutamani muswada.

Uzito wa zoezi hilo niliuona niliporudi kwenye muswada wenyewe: mwana yule alikuwa hatokei hadi ukurasa wa 60. Ikanilazimu kuandika nusu ya kwanza upya, na tangu hapo huandika logilaini kabla ya kuandika onyesho la kwanza.

Ikiwa tayari, isome kwa sauti mbele ya mtu asiyehusika na filamu. Mimi nilimsomea mama mboga wa mtaani kwetu akinikatia sukuma wiki. Alisimamisha kisu akaniuliza, "Na wale waliomlipa kijana, watamwacha tu?"