Isiolo hadi Moyale: gari dogo linafika

Ndugu uliyeuliza kama gari dogo linafika Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia, kupitia Isiolo: linafika bila shida. Barabara yote, kama kilomita 500, ni lami tangu muongo uliopita.

Ukishavuka mto Ewaso Nyiro pale Archers Post, utauona mlima Ololokwe, kilele chake bapa. Kutoka hapo hadi Laisamis ni nchi kavu ya Wasamburu na Warendille, yenye miti ya miiba na mito ya mchanga. Marsabit itakushangaza: mlima wenye msitu, ukungu na baridi, juu ya nyika yenye joto kali. Lala hapo, ujaze tangi kabisa.

Mbele yake ni Dida Galgalu, mawe meusi ya volkano mpaka upeo wa macho, na kwangu hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Lami imenyooka, madereva wanasahau mwendo, kisha ngamia wanavuka taratibu. Kwa hiyo tafadhali usisafiri usiku. Beba maji ya kutosha, gurudumu la akiba lenye upepo, na kitambulisho kwa ajili ya vizuizi vya polisi.